Historia ya Uingereza Ianzie Adams Arcade

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mtu huyapita kila siku, asubuhi na jioni, na bado akahitaji kuambiwa ayatazame. Historia ya Uingereza katika jiji la Nairobi ni mojawapo ya mambo hayo. Mwanafunzi wa chuo kikuu akialikwa kushiriki shindano la insha kuhusu historia na utamaduni wa Uingereza, yamkini fikira zake zitaruka moja kwa moja hadi London. Atamkumbuka Mfalme Henry wa Nane na wake zake sita, atamtaja Shakespeare, atayagusia mapinduzi ya viwanda, kisha atahitimisha kwa Malkia Victoria. Haya yote atayatafuta katika vitabu vilivyoandikwa na Waingereza, atayaandika kwa Kiingereza na kuketi kusubiri matokeo. Insha yake huenda isiwe na kosa hata moja la sarufi. Lakini je, itamwambia msomaji jambo gani ambalo mwanafunzi wa Leeds au Bristol hangeweza kulisema vizuri zaidi?

Makala haya yanashikilia mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwanafunzi wa Nairobi anayeandika kuhusu Uingereza anapaswa kuanza na Uingereza iliyo chini ya miguu yake, na kwamba eneo la Adams Arcade na viunga vyake linatosha kumpa mada, ushahidi na mashahidi. La pili ni kwamba shindano lolote la aina hiyo linalowalenga wanafunzi wa Afrika Mashariki halina budi kuzipokea insha zilizoandikwa kwa Kiswahili. Pasipo mambo hayo mawili, shindano litapima kumbukumbu ya mwanafunzi na ufasaha wake wa Kiingereza. Uwezo wake wa kutafiti na kufikiri hautapimwa.

Mashindano ya insha yana mizizi mirefu katika himaya ya Uingereza. Shindano la insha la vijana linaloendeshwa na Royal Commonwealth Society lilianzishwa mwaka 1883, yaani kabla ya Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulioweka kanuni za kuligawa bara la Afrika. Insha, kwa hiyo, ilikuwa chombo cha himaya tangu awali. Kijana wa koloni alialikwa aeleze, kwa lugha ya mtawala, jinsi alivyoyaelewa mambo ya mtawala. Aliyeyaeleza vizuri alituzwa, na tuzo hiyo ilikuwa pia njia ya kumwonyesha ni maarifa yapi yaliyo na thamani.

Hata hivyo, ingekuwa ni kuipotosha historia kusema kuwa kila Mwafrika aliyeshiriki mashindano ya aina hiyo alikuwa kasuku. Ushahidi upo wa kinyume chake. Julius Nyerere, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, alisoma maandishi ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake. Angeweza kuandika muhtasari mzuri wa fikira za Mill na kuishia hapo. Yeye alizichukua fikira hizo akazipeleka nyumbani Uzanaki, akaitazama kwazo hali ya wanawake wa jamii yake. Insha hiyo ilishinda nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Linalostahili kuzingatiwa hapa ni utaratibu alioufuata: aliichukua fikra ya Uingereza akaijaribu katika mazingira aliyoyajua kuliko mwamuzi yeyote. Ndiyo sababu insha yake ilikuwa na jambo la kusema.

Kabla ya Nyerere alikuwako Martin Kayamba. Mwaka 1931 Kayamba alisafiri kutoka Tanganyika hadi London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza pendekezo la kuziunganisha kwa karibu zaidi nchi za Afrika Mashariki. Aliporejea aliandika kitabu kwa Kiswahili, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, kilichochapishwa mwaka 1932. Msomaji anaweza kutokubaliana na Kayamba katika mengi, hasa heshima yake kubwa kwa watawala. Lakini hawezi kukanusha kuwa takriban karne moja iliyopita, utamaduni wa Uingereza ulielezwa kwa Kiswahili, na mtu aliyeuona kwa macho yake, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili. Wanaodai leo kwamba mada kama hiyo haiwezi kuandikwa ila kwa Kiingereza wamechelewa sana.

Hebu sasa msomaji aelekezwe Barabara ya Ngong, magharibi mwa jiji la Nairobi. Abiria wa matatu za Dagoretti, Karen na Ngong hukipita kituo cha Adams Arcade bila kukitafakari. Kwa wengi ni mahali pa kushuka, pa kununua mkate, au pa kuvuka kuelekea soko la Toi kutafuta mitumba. Jengo hilo la maduka lilijengwa katika miaka ya 1950 na mfanyabiashara mwenye asili ya Kiasia, Abdul Habib Adam, na jina lake ndilo linalotajwa na makondakta hadi leo. Palikuwa pia na ukumbi wa sinema wa Metropole. Mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza swali rahisi: kwa nini fedha za mfanyabiashara wa Kiasia wa wakati huo ziliishia katika maduka ya mjini, na si katika mashamba ya chai au ngano? Sehemu kubwa ya jibu imo katika sera ya Uingereza. Mwaka 1908 Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, aliridhia kuwa ardhi ya nyanda za juu za Kenya isigawiwe Wahindi, na nyanda hizo zikawa milki ya Wazungu. Himaya iliyokuwa imewaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901, ndiyo hiyo hiyo iliyowafungia Wahindi mlango wa mashamba. Duka la mjini lina historia, na historia hiyo hupita London.

Kando ya Adams Arcade upo mtaa wa Woodley, unaobeba jina la meya wa Nairobi wa enzi za ukoloni. Mtaa huo ulijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya wakazi wa Kizungu. Mwaka 1949, mbele zaidi katika upande huo wa magharibi wa jiji, ilianzishwa Duke of York School kwa wavulana wa Kizungu; shule hiyo ndiyo Lenana School ya leo. Tarehe hizi zikiwekwa peke yake hazisemi mengi. Lakini tuseme mwanafunzi anaandika insha kuhusu serikali ya chama cha Leba iliyoongozwa na Clement Attlee kuanzia mwaka 1945 hadi 1951. Vitabu vitamweleza, na kwa haki kabisa, kwamba serikali hiyo iliwaletea Waingereza huduma ya afya isiyotozwa malipo mnamo tarehe 5 Julai 1948, na kwamba ilitaka mtoto wa maskini apate elimu na makazi bora. Mwanafunzi aliyesimama Woodley ataongeza swali ambalo mwenzake wa Bristol huenda lisimjie: katika miaka hiyo hiyo, chini ya serikali hiyo hiyo, mbona Nairobi ilikuwa ikijenga mitaa na shule kwa kufuata rangi ya ngozi? Usawa uliohubiriwa kule ulikoma wapi, na kwa nini? Swali hilo haliondoi chochote katika historia ya Uingereza. Linaikamilisha.

Kusini mwa Adams Arcade ipo Kibera. Jina lenyewe ni la Kinubi na maana yake ni msitu. Wanubi ni wazawa wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, hasa kikosi cha King's African Rifles kilichoundwa mwaka 1902. Waliruhusiwa kuishi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Hata hivyo askari hao hawakupewa hati za kumiliki ardhi; walihesabiwa kuwa wapangaji ambao serikali ingeweza kuwaondoa wakati wowote. Miaka ikapita, uhuru ukaja, vizazi vikafuatana. Mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Tofauti kati ya ekari 4,197 na ekari 288 ni mada tosha ya insha nzima. Atakayeiandika atalazimika kueleza jeshi la mfalme lilivyowaandikisha watu, lilivyowahamisha, lilivyowaahidi na lilivyowaacha. Kama hiyo si historia ya Uingereza, basi ni vigumu kueleza neno "mfalme" katika jina la kikosi kile lilimaanisha mfalme gani.

Ukiifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi utayafikia makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941, ambamo wamezikwa zaidi ya watu 1,900 wa majeshi ya Jumuiya ya Madola waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Nyasi hukatwa, maua hutunzwa, na kila jiwe lina maandishi yake. Ni mahali pa heshima, na waliozikwa humo wanastahili heshima hiyo. Lakini mwanafunzi mwenye udadisi atakumbuka jina jingine la Nairobi, Kariokor, lililotokana na matamshi ya Kiswahili ya jina la kikosi cha wachukuzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wachukuzi hao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Huko Ngong kila jiwe linatajwa katika orodha. Huko Kariokor jina la soko na mtaa ndilo kaburi la wengi. Utamaduni wa Uingereza wa kuwakumbuka wafu wa vita, ambao husifiwa kila mwezi wa Novemba, unaonekana kwa ukamilifu zaidi kwa mtu anayeziona pande zote mbili.

Katikati ya jiji, kwenye Kenyatta Avenue, wamesimama askari watatu wa shaba. Sanamu hizo ziliwekwa katika miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wachukuzi wa Kiafrika wa vita hivyo, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Hapa pana jambo la kutafakariwa na wanachama wa vyama vya Kiswahili. Himaya ya Uingereza, ilipotaka kusema na jamaa za waliokufa kwa ajili yake, ilitambua kuwa Kiingereza peke yake hakitoshi. Kama Kiswahili kilifaa kuchongwa chini ya sanamu ya ushindi wa Uingereza takriban miaka 100 iliyopita, ni kwa hoja gani kitakataliwa leo katika karatasi ya mwanafunzi anayeijadili Uingereza hiyo hiyo?

Hoja ya lugha inahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani haihusu fahari tu. Lugha ni ghala la ushahidi. Neno "kipande", mathalani, lina historia ambayo hakuna neno moja la Kiingereza linaloibeba. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba cheti chake, mara nyingi katika kikebe kilichoning'inizwa shingoni, na bila hicho hakuwa na ruhusa ya kwenda wala kurudi. Watu hawakuliita jambo hilo kwa jina la sheria. Waliliita kipande, na hadi leo Wakenya wengi huita kitambulisho kipande bila kukumbuka kikebe. Neno "afande", ambalo askari polisi huitwa kila siku, lina asili ya Kituruki na lilifika huku kupitia majeshi ya Misri na Sudan, njia ile ile iliyowaleta Wanubi Kibera. Neno "beberu" nalo, ambalo kwa asili ni mbuzi dume, lilichukuliwa na wanasiasa na waandishi wa Kiswahili kumtaja mtawala anayetumia mabavu nje ya nchi yake. Anayeandika "ubeberu" tayari ametoa hukumu na ametoa taswira. Anayeandika neno la Kiingereza lenye maana hiyo anazungumzia mfumo tu. Hata tofauti ya "skuli" ya Zanzibar na "shule" ya bara ni somo la historia, kwa kuwa la kwanza lilitoka kwa Waingereza na la pili kwa Wajerumani.

Isitoshe, Kiswahili Sanifu chenyewe kina sura ndefu ya Kiingereza katika historia yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kuanzia tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi chini ya katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson. Washairi na wasomi wa Kimvita walikuwa na malalamiko yao kuhusu uamuzi huo, na malalamiko hayo hayajaisha. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kujidanganya kwamba anatumia chombo ambacho mkono wa Uingereza haukukigusa. Kwa sababu hiyo hiyo, yeye ndiye mtu anayefaa kuieleza Uingereza, kwa vile anaijua hata katika tahajia ya maneno anayoyaandika.

Zaidi ya maneno kuna wasemaji. Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku hiyo, kama yu hai, amevuka miaka 90. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa imehifadhi maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake wakati wa uhuru, yakiwemo ya Kenya, na mwaka uliofuata majalada hayo yakaanza kufunguliwa kwa umma. Mwaka 2013 serikali hiyo ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, na mnara wa ukumbusho ukazinduliwa katika Uhuru Park, Nairobi, mwaka 2015. Majalada yako Uingereza na yameandikwa kwa Kiingereza. Yatakuwepo hata baada ya miaka 50. Mashahidi wako huku, na husimulia kwa Kiswahili, Kikikuyu, Kinubi na lugha nyinginezo, hao hawatasubiri. Shindano linalopokea Kiingereza peke yake linamwelekeza mwanafunzi kwenye majalada na kumpitisha mbali na mashahidi. Akimhoji mzee wa Kibera kwa Kiswahili, atalazimika kuyatafsiri maneno yake kabla hata ya kuyafikiria, na katika tafsiri hiyo "kipande" kitageuka kuwa cheti na "afande" atageuka kuwa ofisa. Hilo ndilo hasara kuu, na ndilo linalofanya jambo hili kuwa la dharura.

Wapo watakaopinga. Kundi la kwanza litasema kuwa mashindano kuhusu Uingereza ni ukoloni mamboleo na yanafaa kususiwa. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini kususia kuna gharama. Anayesusia huacha uwanja kwa mwingine asimulie. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu kilichokuwa Nairobi, hawakusema kwamba fasihi ya Uingereza isisomwe tena. Walidai kuwa Afrika iwe kitovu, na fasihi nyingine zitazamwe kutoka kitovuni humo. Makala haya hayaongezi jambo geni juu ya dai hilo. Yanataka tu lifikishwe katika insha, na lifikishwe kwa lugha ambayo waraka ule haukuandikwa nayo.

Kundi la pili litadai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kutosha wala waamuzi wa kuzisoma insha hizo. Nyerere alimtafsiri Shakespeare, akatoa tafsiri ya *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Lugha iliyomudu malumbano ya baraza la Roma na mahakama ya Venisi haiwezi kushindwa na insha ya kurasa kumi. Ama kuhusu waamuzi, Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na hata London kwenyewe, katika chuo cha SOAS, ambacho maktaba yake imehifadhi miswada ya tenzi na mashairi ya Waswahili. Itakuwa ajabu kwa nchi iliyojua kuikusanya miswada ya Kiswahili ishindwe kuisoma insha ya Kiswahili. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Atakayeandaa shindano nchini kwa Kiingereza peke yake ndiye anayedaiwa maelezo.

Kundi la tatu lina hofu ya haki zaidi. Linahofia kuwa insha za namna hii zitageuka kuwa orodha ya mashtaka, na kwamba Uingereza itachorwa kwa rangi moja. Hofu hii ifanywe onyo kwa waandishi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola. Anayeandika kuhusu Hola hana budi kueleza pia kwamba mauaji hayo yalijadiliwa kwa ukali katika Bunge la Uingereza mwaka huo huo, na kwamba Barbara Castle wa chama cha Leba alikuwa miongoni mwa waliowafuatia watawala bila kuchoka kuhusu maovu ya Kenya. Uingereza iliyoamuru ilikuwamo, na Uingereza iliyohoji ilikuwamo pia. Sheria za Kenya zenyewe bado zinaitambua misingi ya sheria za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa mujibu wa sheria ya mahakama ya mwaka 1967. Na jioni ya Jumamosi vijana wa Kibera na Woodley hukaa pamoja kushangilia Arsenal au Manchester United. Mwanafunzi anayetaka kuwa mkweli ataueleza pia urithi huo ambao watu wameupokea, wakautumia na hata kuupenda.

Vilevile ni lazima ikubalike kuwa Kiswahili si dawa peke yake. Insha tupu ya Kiingereza ikitafsiriwa itakuwa insha tupu ya Kiswahili. Mwanafunzi anayemrudia Henry wa Nane kwa methali na misemo mizito hajafanya lolote jipya. Ndiyo maana hoja ya mahali na hoja ya lugha hazitenganishwi katika makala haya: lugha inafungua vinywa vya mashahidi, na mahali panampa mwandishi kitu cha kushuhudia.

Kwa msingi huo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, waandaaji wa mashindano ya insha kuhusu Uingereza wanaowaalika wanafunzi wa Afrika Mashariki wakubali insha za Kiswahili na za Kiingereza kwa masharti sawa, na jopo la waamuzi liwe na wasomaji wa lugha zote mbili. Mzigo wa tafsiri, pale utakapohitajika, uwe wa mwandaaji wala si wa mshiriki. Pili, kila insha ihitajike kuwa na ushahidi mmoja angalau uliokusanywa na mwandishi mwenyewe: mahojiano na mzee, jalada kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Moi Avenue, maandishi ya kaburi, au jina la mtaa lililofuatiliwa hadi chanzo chake. Tatu, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu visingoje mialiko ya wengine. Chama chenye wanachama 30 kinaweza kuandaa shindano lake kwa muhula mmoja, kwa tuzo ya vitabu vichache, mada ikiwa Barabara ya Ngong kutoka Adams Arcade hadi makaburi ya vita. Insha bora zichapishwe katika jarida la chama, na rekodi za mahojiano zihifadhiwe katika maktaba ya chuo ili zisipotee pamoja na simu za waliozirekodi.

Pendekezo hili la tatu ndilo linaloweza kuanza mara moja, na ndilo lisilostahimili kucheleweshwa. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hao hupungua kila msimu wa baridi, na kila mmoja wao huondoka na neno lake. Mzee wa Kinubi anayeketi kibarazani Kibera akimsimulia mjukuu wake jinsi babu yake alivyovaa sare ya mfalme wa Uingereza anasimulia sura ya historia ambayo Waingereza wengi hawajaisikia. Mwanafunzi wa Kiswahili yuko umbali wa nauli ya matatu moja kutoka kwake, na lugha ya kumwelewa anayo. Kilichosalia ni kushuka katika kituo cha Adams Arcade, kuvuka barabara na kwenda kumsikiliza.